Kutoka "Okukuula Ebinnyo" hadi "Detooth": Asili na Maana za Kitenzi cha Mtaani cha Kiingereza cha Kampala na Suala la Kukieleza kwa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafafanua asili na maana za kitenzi "detooth", kinachotumika katika Kiingereza cha mitaani cha Kampala kwa maana ya kumtoa mtu fedha au mali kwa kumpa matumaini ya mapenzi yasiyokusudiwa kutimizwa. Inaoneshwa kwamba kitenzi hiki kina umbo la Kiingereza, lakini sarufi na taswira yake ni za Kiganda, na kwamba kina ndugu wa karibu katika Kiswahili cha mitaani cha Tanzania, yaani msemo wa kuchuna buzi. Hoja kuu ni kwamba msemo wa Kiganda uliokizaa unabeba maana mbili zinazogusa afya ya jamii, na Kiingereza cha Kampala kimechukua moja tu. Mfasiri wa Kiswahili anayefuata neno kwa neno anaweza kuzichanganya. Makala yanahitimishwa kwa mapendekezo kwa watunga kamusi, wafasiri wa maandishi ya afya, wakalimani wa mahakama na waandaaji wa vitabu vya shule nchini Uganda.

1.0 Utangulizi

Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kuazimia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Uamuzi huo ulifuata azimio la wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki la Februari 2021 lililoviweka Kiingereza, Kifaransa na Kiswahili kuwa lugha rasmi za Jumuiya. Kabla ya hapo, marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikuwa yamekitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya nchi, ingawa utekelezaji ulikwenda kwa mwendo wa kinyonga.

Mjadala wa utekelezaji umejikita zaidi katika walimu, vitabu na mitihani. Suala lililozungumzwa kwa uchache ni la msamiati wa maisha ya kila siku. Mkazi wa Kampala ana namna yake ya kutaja mapenzi, fedha, hila na aibu, na namna hiyo imejengwa kwa miaka mingi kati ya Kiganda na Kiingereza. Kiswahili kinapoingia darasani, zahanati na mahakamani, kinakuta mambo hayo yamekwisha kupewa majina, na kila jina limebeba hukumu yake juu ya nani mkosaji na nani mkosewa. Kitenzi "detooth" ni mfano unaodhihirisha hali hiyo vizuri.

2.0 Kiingereza cha Uganda na vitenzi vyake

Kiingereza kiliingia Uganda pamoja na wamisionari na utawala wa Waingereza, uliotangaza himaya yake mwaka 1894 na kudumu hadi uhuru wa mwaka 1962. Katika kipindi hicho na baadaye, wasemaji walikipa lugha hiyo matamshi, maana na miundo kutokana na lugha zao za kwanza. Mwaka 2014 Bernard Sabiiti alichapisha kamusi ndogo ya Kiingereza hicho, ambacho wengi hukiita "Uglish". Mwaka 2016 Christiane Meierkord, Bebwa Isingoma na Saudah Namyalo walihariri kitabu cha kitaaluma kuhusu isimujamii, muundo na matumizi ya Kiingereza cha Uganda. Kazi hizo mbili, moja ya umma na nyingine ya wanazuoni, zilisaidia kuliondoa suala hili katika orodha za makosa ya wanafunzi na kuliingiza katika uchunguzi wa lugha hai.

Baadhi ya vitenzi vya Kiingereza hicho vinahusu uhusiano wa wavulana na wasichana, na kimojawapo kinafaa kutajwa kabla ya kufika kwenye kiini cha makala. Katika Chuo Kikuu cha Makerere, mvulana aliyekwenda kumtembelea msichana bwenini kwa nia ya kumposa moyo alisemwa kuwa "anabench". Kitenzi hicho kimetokana na nomino ya benchi: aliyekuja kubembeleza huketi na kungoja. Hivyo, msamiati huu unamtaja mwanamume kuwa mtu anayengoja, naye mwanamke, katika kitenzi kinachojadiliwa hapa, unamtaja kuwa mtu anayeng'oa. Kila upande umepewa tendo lake, lakini upande mmoja tu ndio umepewa lawama.

3.0 Umbo la kitenzi

Kwa sura ya nje, "detooth" ni neno la Kiingereza lililoundwa kwa kanuni za Kiingereza. Kiambishi awali "de-" kikiambatanishwa na nomino huunda kitenzi chenye maana ya kuondoa kile kinachotajwa na nomino hiyo. Ndivyo Kiingereza kinavyotaja kazi ya kutoa mifupa katika nyama au pembe katika ng'ombe. Nomino iliyotumika hapa ni ile ya jino. Kutokana na kitenzi hicho wasemaji wa Kampala wameunda nomino ya mtendaji, "detoother", na nomino ya tendo, "detoothing". Kamusi ya Sabiiti inamtaja pia mtendaji huyo kwa jina la daktari wa meno, kwa ucheshi uleule.

Hata hivyo, kanuni za Kiingereza pekee hazielezi kwa nini kumla mtu fedha zake kuitwe kumng'oa meno. Kiingereza cha Uingereza kina taswira nyingine kwa tendo linalokaribiana na hili, ile ya kumnyoa kondoo sufu. Taswira ya meno imetoka katika msemo wa Kiganda "okukuula ebinnyo". Kitenzi "okukuula" kina maana ya kung'oa. Tazama sentensi tatu zinazolingana:

(a) Kiganda: Yamukuula ebinnyo.
(b) Kiswahili, tafsiri sisisi: Alimng'oa meno.
(c) Kiingereza cha Kampala: She detoothed him.

Katika (a) na (b) kitenzi kina yambwa mbili: mtu na meno. Mtu hutajwa kwa kiambishi ndani ya kitenzi, na meno hufuata. Huu ni muundo wa kawaida katika lugha za Kibantu pale tendo linapogusa kiungo cha mwili, kwa sababu kiungo hakitenganishwi na mwenyewe. Mswahili hasemi "aling'oa meno yake" anapotaka kuonesha kwamba aliyeumia ni mtu. Husema "alimng'oa meno". Katika (c) nomino ya jino imemezwa na kitenzi, na mtu amebaki peke yake katika nafasi ya yambwa. Kiingereza cha Kampala kimehifadhi kwa njia hiyo jambo ambalo msemo wa Kiganda unalisisitiza, yaani kwamba mwathiriwa wa tendo ni mtu mzima na si mfuko wake tu. Hii ndiyo sababu ya kusema kwamba kitenzi hiki ni tafsiri mkopo iliyovikwa kanzu ya Kiingereza.

Nomino "ebinnyo" nayo inahitaji maelezo. Neno la kawaida la Kiganda kwa meno ni "amannyo". Umbo la "ebi-", linalolingana na ngeli ya ki-/vi- ya Kiswahili, huweza kukipa kitu ukubwa usiopendeza, ubaya au dharau. Wanaong'olewa katika msemo huu hawana "meno" ya heshima; wana majino. Dhihaka kwa mwathiriwa imekwisha kuwekwa ndani ya ngeli kabla msemaji hajaongeza neno.

4.0 Maana na mipaka yake

Katika matumizi ya kawaida ya Kampala, tendo hili lina masharti matatu. Kwanza, fedha, zawadi, chakula, nauli au karo hutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine kwa matarajio ya mapenzi au ndoa. Pili, mpokeaji hana nia ya kutimiza matarajio hayo, au hutimiza sehemu ndogo sana. Tatu, tendo hufanyika kidogo kidogo na kwa ustadi, kama jino linavyotikiswa kabla ya kung'olewa.

Masharti haya yanakitenga kitenzi hiki na maneno jirani. Uhusiano wa msichana na mfadhili mwenye umri mkubwa, ambao Wakenya humwita "sponsa", una mabadilishano yanayotimizwa pande zote mbili. Huko hakuna meno yaliyong'olewa kwa maana hii. Wizi hauhitaji ridhaa ya mwenye mali, ilhali anayeng'olewa meno hutoa kwa mkono wake. Utapeli wa kibiashara hauhitaji ahadi ya mapenzi. Msemo wa kula nauli, unaosikika Kenya na Tanzania kwa msichana anayepokea fedha za usafiri kisha asitokee, unataja tukio moja. "Detooth" hutaja mwenendo.

Maana ya kitenzi imepanuka pia. Hutumika kwa mwanamume anayemla mwanamke mwenye mali, na kwa rafiki ambaye kila siku hulipiwa wala halipi. Katika misimu ya uchaguzi hutumika kwa wapiga kura wanaopokea fedha za wagombea wengi bila ahadi kwa yeyote. Katika matumizi haya yote kiini ni kilekile: anayetoa anadhani ananunua kitu, na anayepokea anajua kwamba hauzi.

5.0 Ndugu wa kitenzi hiki katika Kiswahili

Wasemaji wa Kiswahili cha mitaani cha Tanzania wana msemo wa kuchuna buzi, ambao humaanisha kumnyonya kifedha mpenzi, hasa mwanamume mwenye nazo. Uchunguzi wa lugha ya mitaani ya Tanzania si mgeni; Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling walichapisha utafiti wao pamoja na kamusi ya msamiati huo mwaka 2006. Kinachohitaji kuangaliwa hapa ni jinsi misemo miwili, mmoja wa Kampala na mwingine wa Dar es Salaam, inavyofanana kimuundo.

Kufanana kwa kwanza ni kwa yambwa. Kama anavyong'olewa mtu, ndivyo anavyochunwa mtu: "amemchuna". Kitu kinachoondolewa, yaani ngozi, hakitajwi kabisa, kama jino lilivyomezwa katika kitenzi cha Kampala. Kufanana kwa pili ni kwa ngeli. Mnyama wa kawaida ni mbuzi. Mtu anayechunwa ni buzi, umbo la ukubwa lenye kejeli. Kiganda kimemkejeli mwathiriwa kupitia "ebi-" ya meno yake, na Kiswahili kimemkejeli kwa kumkuza mnyama wake. Lugha mbili za Kibantu zimetumia nyenzo ileile ya ngeli kwa lengo lilelile, kila moja kwa mnyambuliko wake.

Tofauti ipo katika kiwango cha madhara. Buzi likichunwa halina maisha tena. Mtu aliyeng'olewa meno anaishi, ila anabaki kibogoyo: anaona nyama na hana cha kuitafunia. Kiswahili kinaielewa taswira hii bila msaada, kwa kuwa kimekwisha kuyafanya meno kuwa alama ya uwezo. Chombo kisicho na mamlaka huitwa chombo kisicho na meno. Kwa hiyo "kumng'oa mtu meno" si msemo wa kigeni masikioni mwa Mswahili. Ugumu wake unatoka kwingine.

6.0 Maana ya pili ya "ebinnyo"

Neno "ebinnyo", ambalo katika maandishi ya kitabibu huandikwa pia "ebino" au "ebinyo", lina maana nyingine nchini Uganda isiyo ya utani. Hutaja kile kinachodhaniwa kuwa meno ya bandia au meno maovu katika ufizi wa mtoto mchanga. Mtoto anapopata homa, kuhara au kutapika, ufizi wake hukaguliwa, na uvimbe mweupe wa chonge ambazo bado hazijachomoza huchukuliwa kuwa chanzo cha ugonjwa. Vichipukizi hivyo vya meno hufukuliwa kwa kifaa chenye ncha, kama vile spoku ya baiskeli, mara nyingi bila usafi wala ganzi. Matokeo yake ni kutokwa na damu, maambukizi, pepopunda, kuharibika kwa meno ya kudumu na hata kifo, huku ugonjwa halisi, mathalani malaria au kuhara, ukibaki bila tiba. Utafiti uliotumia kumbukumbu za Hospitali ya Lacor, Gulu, na kuchapishwa mwaka 2000, ulilitaja tatizo hili miongoni mwa sababu za watoto kulazwa na kufariki hospitalini hapo.

Tanzania inalifahamu jambo hilohilo kwa jina la meno ya plastiki au meno ya nailoni. Kwa hiyo Kiswahili kina istilahi ya maana hii ya pili, na kina msemo wa mitaani wa maana ya kwanza, wala havifanani hata kidogo. Katika Kiganda, maneno yaleyale mawili, "okukuula ebinnyo", yanatosha kwa yote mawili, na muktadha ndio unaoamua.

Ukaribu wa maana hizi mbili unaangaza taswira ya kitenzi cha Kampala. Mama anayempeleka mtoto kung'olewa ebinnyo hulipa yeye mwenyewe, kwa hiari na kwa matumaini kwamba hali itakuwa njema. Mtoto anarudi nyumbani na jeraha, na ugonjwa uko palepale. Mwanamume anayeng'olewa ebinnyo kwa maana ya mtaani naye hulipa kwa hiari na kwa matumaini, naye hurudi nyumbani na homa yake. Msikilizaji wa Kiganda anazo maana zote mbili akilini. Msikilizaji wa Kiingereza cha Kampala anayo moja tu, kwa sababu "detooth" haitumiki kwa watoto wachanga. Kiingereza kimeutenganisha utani na msiba.

7.0 Kwa nini jambo hili lina uzito

Uzito wa kwanza ni wa afya. Chukua mfano wa kipeperushi cha Kiganda kinachowaonya wazazi dhidi ya "okukuula ebinnyo". Mfasiri aliyekulia mjini na kulizoea neno la mtaani anaweza kudhani ni onyo kwa vijana kuhusu mapenzi ya fedha. Mfasiri mwingine, anayeandika "kung'oa meno", humfanya mzazi aogope hata kumpeleka mtoto kwa daktari wa meno aliyesomea. Tafsiri zote mbili zinamkosesha mtoto ulinzi. Katika mazingira haya "meno ya plastiki" pekee ndiyo yatakayoeleweka, na hata hayo yanahitaji maelezo mafupi kwa msomaji wa Uganda ambaye hajawahi kuyasikia.

Uzito wa pili ni wa hukumu iliyo ndani ya neno. Katika kitenzi hiki mwanamume ni mwenye meno na mwanamke ni mng'oaji. Nia ya mtoaji haionekani. Fedha aliyotoa huenda ilikuwa zawadi, mkopo, posa, au bei ya kitu alichojua kwamba hakiuzwi; kitenzi kinaifanya yote kuwa hasara yake. Kampeni za kupambana na Virusi vya UKIMWI nchini Uganda zililitambua tatizo hili. Katika muongo wa kwanza wa karne hii mabango ya barabarani kuhusu mapenzi ya wanaume watu wazima na wasichana wadogo yaligeuza mwelekeo wa lawama: yalimuuliza mwanamume kama angekubali mwanamume wa rika lake awe na binti yake. Swali hilo halingeweza kuulizwa kwa kutumia kitenzi "detooth", kwa kuwa sarufi yake imekwisha kumweka mwanamume katika nafasi ya mtendwa.

Uzito wa tatu ni wa sheria. Migogoro ya fedha zilizotolewa kwa matumaini ya ndoa hufika mahakamani. Mwishoni mwa mwaka 2022 uamuzi wa mahakama ya ngazi ya chini magharibi mwa Uganda, ulioamuru mwanamke kumrudishia mwanamume mamilioni ya shilingi aliyomsomeshea kwa ahadi ya ndoa, ulizua mjadala mkubwa nchini. Katika mashauri ya aina hiyo swali la mahakama ni kama kulikuwa na ahadi, zawadi au udanganyifu. Shahidi akisema kwa Kiganda au kwa Kiingereza cha mtaani kwamba "aling'olewa meno", mkalimani akaandika kwa Kiswahili "alitapeliwa", ametaja kosa la jinai ambalo shahidi hakulitaja. Akiandika "alichunwa", ameleta dhihaka. Akiandika "alipigwa hadi meno yakang'oka", ameleta shambulio la mwili.

8.0 Mapendekezo

Kwanza, watunga kamusi wa Kiswahili wanaoilenga Uganda wakiingize kitenzi hiki kama kidahizo cha matumizi ya mtaani, chenye maelezo ya asili yake. Fasili inayofaa ni hii: kumfanya mtu atoe fedha au mali kidogo kidogo kwa kumpa matumaini ya mapenzi ambayo mpokeaji hakusudii kuyatimiza. Fasili isitaje jinsia ya mtendaji. Kisawe "chuna" kiwekwe pamoja na alama ya rejista, na msomaji aelekezwe kwenye "meno ya plastiki" kwa maana ya pili ya msemo wa Kiganda.

Pili, maandishi ya afya yanayotafsiriwa kutoka Kiganda yasitumie "kung'oa meno" peke yake kwa maana yoyote kati ya hizi mbili. Kila maana ipewe istilahi yake na maelezo mafupi inapotajwa kwa mara ya kwanza.

Tatu, wakalimani wa mahakama wafundishwe kuhifadhi maneno ya shahidi kama yalivyo na kuiachia mahakama iulize maana yake. "Alining'oa meno, kama wasemavyo mitaani" ni ukalimani mwaminifu kuliko kisawe chochote cha kisheria.

Nne, vitabu vya shule vitumie misemo ya aina hii katika kufundishia ngeli. Mwanafunzi wa Kampala anayejua kwa nini "ebinnyo" si "amannyo" hahitaji mhadhara mrefu ili aelewe kwa nini "buzi" si "mbuzi". Analo tayari, katika lugha ya mama yake, somo ambalo kitabu kinataka kumfundisha kama jambo geni.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba kitenzi "detooth" kina mwili wa Kiingereza na mifupa ya Kiganda, na kwamba msemo wa Kiswahili wa kuchuna buzi unafanana nacho katika matumizi ya yambwa na ya ngeli. Imeoneshwa pia kwamba Kiingereza cha Kampala kimerithi nusu tu ya maana ya msemo uliokizaa. Nusu iliyoachwa ndiyo inayowahusu watoto wachanga, na ndiyo ambayo mfasiri asiyekuwa na habari anaweza kuipoteza kabisa. Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa maana zote mbili. Kazi iliyobaki kwa wataalamu na washauri wa sera ni kuhakikisha kwamba kila neno linawekwa mahali pake kabla halijafika zahanati, darasani na kizimbani.